Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: vishikwambi vya kitengo maalum visiwe vya kunyamazishia watoto

Kwa: Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Nakala: Afisa Elimu Awali na Msingi, Afisa anayesimamia Elimu Maalum, Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule

YAH: MATUMIZI YA VISHIKWAMBI DARASA LA AWALI, KITENGO MAALUM

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam kwako na kwa ofisi yako. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka sita mwenye usonji (autism), hasemi, anasoma awali kitengo maalum kwenye shule mojawapo ya msingi ya halmashauri yako hapa mkoani Tanga. Shule sitaitaja, mwalimu sitamtaja, wahusika wanajijua na sitafuti mtu afukuzwe kazi. Kabla sijaandika hadharani nimeongea na mwalimu wa darasa mara nyingi tu, nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikaambiwa nimwone afisa elimu kata, nikamwona, nikaleta barua ofisini kwako mwezi wa tatu ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo, mwezi wa sita nikarudi kuulizia nikaambiwa inashughulikiwa, mwezi wa tisa nikaambiwa aliyekuwa na faili kahamishwa kituo. Basi nimeona niandike mbele ya watu.

Mwishoni mwa mwaka jana mfadhili alileta vishikwambi kumi kwenye darasa lile. Tulifurahi sana, kina mama tuliimba siku ile na mimi nilikuwemo. Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba sipingi teknolojia hata kidogo. Naandika kwa sababu nimeona kwa macho yangu kifaa kama kile kinavyoweza kumfungulia mdomo mtoto asiyesema, halafu nakuja kuona kinachofanyika nacho darasani, inaniuma.

Nieleze niliyoyaona nyumbani kwanza. Nina simu ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Kijana mmoja fundi simu pale stendi aliniwekea programu ya picha ya bure, unapiga picha kitu, unarekodi sauti yako, mtoto akigusa ile picha simu inatamka. Nikapiga kikombe, sahani ya wali, mlango wa choo, bibi yake, kandambili zake, feni. Feni niliiweka kwa vile tu ilikuwa mbele yangu. Sasa mwanangu kwa mwaka mzima alikuwa kila jioni analia kwa kelele na kujigonga kichwa ukutani, majirani wanatuambia tumpeleke kwa mganga, shangazi yake anasema ni mashetani. Wiki ya tatu na ile simu, katikati ya kulia akaja akagusa feni. Simu ikasema "feni" kwa sauti yangu. Akagusa tena, na tena, kama mara nane hivi. Nikanyanyuka nikaizima, mtoto akanyamaza, akakaa chini akaanza kupanga vizibo vyake vya soda. Kumbe ni mlio wa feni! Mwaka mzima mtoto anaumizwa na mlio wa feni na hana pa kusemea, na sisi tunamtafutia mganga.

Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu kifaa hiki. Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Sauti ya mtoto inaachwa getini.

Nilimpeleka shule na ile simu nimemvalisha kwa kamba shingoni. Nikaambiwa mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu. Sawa, sheria za shule nazijua, nikaomba basi ile programu iwekwe kwenye kishikwambi kimoja cha darasa na akitumie yeye akiwa shule. Nikajibiwa vishikwambi ni vya kujifunzia, sio vya kuongelea. Mheshimiwa, naomba ulisome jibu hilo mara mbili. Mtoto asiyesema anajifunzaje kama hawezi kumwambia mwalimu wake naumwa, nimeshiba, sijaelewa, nataka chooni? Mwezi wa nane peke yake kajikojolea darasani mara nne, hesabu ni yangu mimi ninayefua zile kaptula, na huku nyumbani picha ya choo anaigusa mwenyewe bila kukumbushwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 inazungumzia elimu, na imetaja wazi kujifunza breli pamoja na njia mbadala na saidizi za mawasiliano. Simu yenye picha kwenye shingo ya mwanangu ndiyo njia mbadala inayosemwa pale. Kwa mtoto huyu ni kama miwani kwa mwenye uoni hafifu, na sijawahi kusikia mtoto anavuliwa miwani getini.

2. Kishikwambi kimefanywa mlezi wa darasa.

Darasa lina watoto 23. Wapo wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, wenye mtindio wa ubongo, viziwi wawili, wote chumba kimoja na mwalimu mmoja, pamoja na dada wa kujitolea anayekuja siku tatu kwa wiki. Siku ambazo dada hayupo vishikwambi vinagawiwa saa mbili na nusu asubuhi na vinakusanywa uji ukifika saa nne. Vipo kumi kwa hiyo wanapewa wanaosumbua zaidi, ili watulie, wale wapole wanakaa tu. Nilisimama dirishani siku moja nikamwona mtoto anagusa puto kwenye skrini, linapasuka, linatokea jingine, anagusa, linapasuka, zaidi ya nusu saa, na hakuna mtu aliyemsogelea kumuuliza puto hili rangi gani au tuhesabu mangapi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini, na wetu wengine kwa uelewa bado wako umri huo au chini yake.

Simlaumu mwalimu. Yule mama anafanya kazi ya watu wanne, nimemwona anambeba mtoto mgongoni huku anafundisha. Lawama yangu ni kwa waliomwachia darasa kubwa vile halafu wakamletea vishikwambi kana kwamba ni mwalimu wa pili.

Marekani, Connie Kasari wa chuo kikuu cha UCLA na wenzake walitoa utafiti mwaka 2014 kuhusu watoto 61 wenye usonji wa miaka 5 mpaka 8 wenye maneno machache sana. Waliopewa kifaa kinachotoa sauti tangu mwanzo walisonga mbele kwenye kuongea kuliko waliofundishwa bila hicho kifaa. Ila tusisahau kwamba wale watoto walikuwa na mtu mzima amekaa nao chini, anacheza nao, yeye mwenyewe akiongea anagusa kile kifaa ili mtoto aone kinavyotumika. Kifaa kiliingia ndani ya mchezo wa watu wawili. Sisi huku tumechukua kifaa tukamwacha mtu.

3. Programu yenyewe haimjui mtoto wetu.

Iliyowekwa ni ya Kiingereza. Mwanangu ndiyo kwanza anaanza kuelewa maneno ya Kiswahili anayosikia nyumbani, akienda shule anaambiwa na mashine "apple" na tufaha lenyewe hajawahi kuliona, kwao anajua embe, chungwa na fenesi la Muheza. Ikikosewa inatoa mlio mkali wa kukataa, watoto wenye usonji wanaziba masikio, mmoja alikitupa chini kikapasuka akaadhibiwa. Wale viziwi wawili nao wamepewa programu hiyo hiyo ambayo maelekezo yote ni ya sauti, wanaangalia tu picha zinaruka. Wanahitaji vidio za Lugha ya Alama ya Tanzania, na nasema ya Tanzania kwa makusudi kwa sababu mama mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp alimwekea mwanawe programu ya ishara za Marekani, mtoto akazijua vizuri tu, akifika shule hakuna anayemwelewa.

Na hapa ndipo panaponishangaza zaidi, kwa sababu hakuna mkoa uliotakiwa kulijua jambo hili kama Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017 vijiji kama 170 vya mkoa huu vilipelekewa vishikwambi kwa ajili ya Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la watengenezaji wa programu za kujifunzia watoto. Watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, wakakaa navyo miezi 15 wakijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na kuchaji ni kwa umeme wa jua hapo hapo kijijini. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, mwishoni idadi hiyo ikapungua nusu. Mwezi wa tano 2019 washindi wakatangazwa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10, na programu za wote watano waliofika fainali zikaachiwa wazi, yeyote duniani azichukue bure azitumie na azirekebishe. Na Sooinn Lee, aliyeanzisha kampuni iliyotengeneza Kitkit School, ni mama aliyeingia kwenye kazi ya programu za watoto baada ya kumpata mtoto mwenye mahitaji maalum. Sasa jamani. Programu za Kiswahili zilizopimwa kwa watoto wa Tanga, na mojawapo imetoka kwenye mikono ya mama mwenye mtoto kama wetu, zipo bure, halafu kitengo maalum cha Tanga kinapewa ya Kiingereza!

Sisemi zibandikwe tu hivi hivi. Shindano lile halikulenga watoto kama wetu. Ila Malawi programu za hesabu za onebillion walishazijaribu kwa watoto wenye mahitaji maalum, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham na wenzao wa Malawi wakaandika mwaka 2018 kwamba watoto walijifunza, isipokuwa kwa mwendo wa polepole kuliko wenzao. Polepole kwetu sio tatizo. Sisi wazazi wa watoto hawa tunaijua sana polepole.

4. Hakuna aliyegusa mipangilio.

Yupo kijana mdogo mwenye mtindio wa ubongo, mikono inatetemeka, kila akigusa programu inahesabu amekosea kwa sababu kidole kimeteleza. Kwenye mipangilio ya vishikwambi hivi kuna sehemu ya ufikivu, unabadilisha muda wa kugusa, unakuza maandishi, unawasha sauti inayomsomea asiyeona, na kuna namna ya kubandika programu moja ili mtoto asitoke akaishia kwenye vidio. Fundi wangu wa stendi alinionyesha yote kwa dakika kumi na hakunidai hela. Pale darasani vimekaa kama vilivyotoka kwenye boksi.

5. Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja.

Mwalimu alionyeshwa jinsi ya kuwasha, kuzima na kuchaji. Basi. Hakuna aliyemwambia kishikwambi kinaingiaje kwenye somo la mtoto mmoja mmoja, wala anaandika wapi maendeleo yake. Wakati nchi ina Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha chenye watu wanaofundisha walimu wa elimu maalum, wangeitwa hata wiki moja.

6. Picha za watoto wetu.

Siku ya makabidhiano walipigwa picha na vidio, nyingine zikawekwa mtandaoni na maelezo ya ulemavu wa mtoto mmoja mmoja. Hakuna mzazi aliyeombwa ridhaa. Halafu kwenye ile programu kila mtoto kafunguliwa akaunti kwa jina lake kamili na aina ya ulemavu wake, na hatujui taarifa hizo zinakaa nchi gani na nani anazisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, taarifa za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee mle ndani na mtoto husemewa na mzazi wake. Naomba hizo picha ziondolewe.

Najua majibu nitakayopewa kwa sababu mengine nimeshapewa tayari.

Nitaambiwa hakuna bajeti. Programu za Kiswahili ni za bure, kubadilisha mipangilio ni bure, kumruhusu mwanangu aguse picha ya choo ni bure. Msaidizi wa darasa ndiyo anahitaji hela, hilo nakubali, lakini mezani kwenu upo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 na kipindi chake kimefika mwisho, wazazi tuna haki ya kuuliza kwetu umefanya nini.

Nitaambiwa vifaa ni vya mfadhili, yeye ndiye mwenye uamuzi. Watoto ni wetu na shule ni ya serikali. Mfadhili alikuja akakuta mlango wazi, akauliza mnataka nini, na hakuna aliyemwita mzazi hata mmoja kujibu swali hilo.

Nitaambiwa mtoto akizoea kifaa hatasema kamwe. Hili niliambiwa na watu wa shule na hata ndugu zangu, na nililiogopa kweli, nikakesha usiku nasoma. Watafiti Millar, Light na Schlosser mwaka 2006 walikusanya tafiti mbalimbali, wakabaki na watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa mzuri, wakakuta asilimia 89 waliongeza kuongea baada ya kufundishwa njia mbadala, waliobaki hawakubadilika, na hata mmoja hakurudi nyuma. Mwanangu mwenyewe mwezi wa kumi katamka "bibi". Anaigusa picha na anatamka pamoja nayo.

Na kuna lile jibu ambalo haliandikwi popote, unaambiwa kwa sauti ya chini ukiwa unatoka ofisini, kwamba mama usijisumbue sana, hawa hata wakipewa hawatajua. Nimeambiwa hivyo na mtu mzima aliyesoma, mwanangu nimemshika mkono. Mtoto hasemi lakini masikio anayo. Naomba maneno hayo yasitamkwe tena kwenye ofisi yoyote iliyo chini yako, Mheshimiwa, na kwa yote niliyoyaandika humu, hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, watoto wote wasiosema katika darasa lile wawe na kifaa cha kusemea siku nzima ya shule, kiwe kishikwambi au simu iliyotoka nyumbani ikiwa imefungwa kila kitu isipokuwa ile programu, na pale ambapo kifaa hakipo, kitabu cha picha zilizokatwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, ambacho mzazi anaweza kukitengeneza mwenyewe na mimi niko tayari kufundisha wenzangu. Hili linaweza kuanza Jumatatu. Pili, programu ya Kiingereza isimamishwe mpaka iwepo ya Kiswahili, na viziwi wapate vidio za Lugha ya Alama ya Tanzania, mwalimu anayeijua akishirikishwa pamoja na Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Tatu, pasiwepo kugawa vishikwambi kama hakuna mtu mzima wa kukaa na watoto wanaovitumia, na kila zamu iwe fupi, dakika kumi au kumi na tano. Nne, msaidizi wa darasa wa kila siku, mwenye posho inayoeleweka, sio kwa huruma ya kujitolea. Tano, mafunzo ya kweli kwa mwalimu, na wazazi tukae humo, kwa sababu asubuhi mtoto yuko kwake na jioni yuko kwangu, kila mmoja akitumia picha zake tutamchanganya. Sita, picha na akaunti za watoto kama nilivyosema hapo juu.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na tuitwe kikao wazazi wa kitengo maalum kabla shule hazijafungwa. Tupo kumi na wanane tulioafikiana kwenye grupu, wengine ni kina baba, wengine bibi wanaolea wajukuu, wako tayari kuja hata siku ya kazi.

Mkipanga tarehe nitakuja na mwanangu. Simu yake nitakuwa nimeichaji, na picha yako Mheshimiwa nitaomba kuipiga mlangoni ili awe na namna ya kukusalimia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mwanafunzi, darasa la awali kitengo maalum
Mkoa wa Tanga